Bili za saratani Marekani: nani aanze kulipa, na wewe utoe lini

Usilipe bili ya kwanza itakayoingia kwenye sanduku la barua. Nasema hivyo mimi ambaye mkate wangu unatoka ofisi ya bili ya hospitali hapa Columbus, Ohio, na ambaye mume wangu alikatwa kipande cha utumbo mpana kwa ajili ya saratani. Kwa hiyo karatasi hizi nimezishika nikiwa pande zote mbili za dirisha. Watu wetu wanaogopa deni. Bili ikifika tu, mtu anakopa kwenye kikundi, mchango unafunguliwa WhatsApp, pesa zinalipwa, kisha inaonekana hospitali ilikuwa haijapeleka hata madai kwa bima. Kuzitoa pesa hizo ni dakika tano. Kurudishiwa kunaweza kuchukua miezi.

Haya nayaandika hasa kwa aliye na bima ya kazini au aliyoinunua kwenye soko la bima la serikali (Marketplace), na bado hajafika miaka 65. Wazazi nitawagusa mwishoni.

Namba tatu

Geuza kadi ya bima, piga simu iliyoandikwa nyuma. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema neno moja tu, "Swahili", ukae kwenye laini. Mkalimani ni bure. Ukipewa wa Mombasa na wewe ni wa Bukavu, mkaona hamwelewani, omba mwingine bila haya. Usimtumie mtoto wa darasa la sita kumtafsiria baba yake habari za uvimbe.

Uliza mambo matatu. La kwanza ni kianzio: pesa unazotoa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. La pili ni asilimia yako baada ya kianzio. La tatu, na kwa saratani hili ndilo la kushika, ni kikomo cha mwaka: ukishatoa kiasi hicho, bima inalipa yote yaliyobaki, mradi tiba iwe inagharimiwa na mpango wako na unatibiwa kwenye hospitali zilizo katika orodha yake.

Tuseme kianzio ni dola 3,000, asilimia yako 20, na kikomo dola 8,000. Upasuaji, kwa bei ambayo bima na hospitali wamekubaliana, ni dola 30,000. Unatoa 3,000 za kwanza. Zinabaki 27,000, asilimia 20 yake ni 5,400. Jumla inakuja 8,400, lakini kikomo kinakusimamisha kwenye 8,000. Kuanzia hapo, kemo, vipimo vya damu, picha za CT, vyote ni sifuri kwako mpaka mwaka wa bima uishe. Ndiyo maana bili ya dola laki moja isikuzimishe. Kwa mipango inayofuata sheria ya afya ya 2010 (Obamacare), kikomo cha mwaka 2026 hakiruhusiwi kuzidi dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia. Makato ya bima kwenye mshahara hayahesabiwi humo.

Nimesema mipango inayofuata sheria hiyo kwa sababu ipo isiyoifuata. Kuna bima za muda mfupi za bei rahisi, na kuna vile vikundi vya kuchangiana gharama ambavyo waumini wengi wamejiunga navyo wakidhani ni bima. Si bima. Hakuna sheria inayovilazimisha kukulipia. Kama unavyo na umeshaambiwa una saratani, ongea na mtu wa soko la serikali kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa.

Sasa tazama kalenda. Mipango mingi huanza upya tarehe 1 Januari, na kikomo nacho kinarudi sifuri. Mume wangu alipasuliwa Oktoba, kemo ikavuka mwaka. Tulijaza kikomo kimoja kabla ya Krismasi, tukaanza kingine Januari. Mwenye saratani anayeingia mwaka mpya akiwa kwenye dripu apange bajeti ya vikomo viwili, si kimoja.

Lakini kipindi hichohicho cha mwisho wa mwaka ndicho cha kubadilisha mpango. Tangu 2014 kampuni haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu unaumwa. Watu wazima wasioumwa huchagua makato madogo ya mwezi. Wewe chagua kikomo kidogo, hata kama makato yanapanda. Kabla ya kusaini hakikisha mambo mawili: daktari wako wa saratani yumo kwenye orodha ya mpango mpya, na dawa unayotumia imo pia.

Operesheni moja, bili tano

Hospitali inaleta ya kwake. Daktari mpasuaji ya kwake. Daktari wa usingizi ya kwake. Maabara iliyopima kinyama, yaani kipande kilichokatwa mwilini, ya kwake. Aliyesoma picha za CT ya kwake. Zinakuja kwa bahasha tofauti na majina usiyoyajua, na mtu anadhani ni matapeli.

Kinachokusaidia ni karatasi nyingine inayotoka kwa kampuni ya bima, ambayo juu yake imeandikwa kabisa kwamba hii si bili. Wengi wanaitupa kwa sababu ya maneno hayohayo. Usiitupe. Ifungue uikute ile ya msoma picha, kwa mfano. Safu ya kwanza inaonyesha amedai dola 2,140. Safu ya pili inasema bei waliyokubaliana na bima ni 610. Ile 1,530 ya katikati inafutwa, haidaiwi mtu. Safu ya tatu, bima imelipa 488. Safu ya mwisho, mgonjwa anadaiwa 122. Halafu wiki hiyohiyo inakuja bili ya 2,140. Imetoka kabla kompyuta ya kliniki haijapokea majibu ya bima.

Kwa hiyo kila bili iwe na mwenzake. Tarehe ya huduma ifanane, jina la aliyekuhudumia lifanane, na kiasi cha mwisho kifanane. Zikikubaliana, lipa au omba kulipa kidogokidogo. Bili ikikosa mwenzake, piga simu uulize madai yalipelekwa bima lini, kisha omba akaunti isimamishwe siku 30 wakati bima inashughulikia. Ombi hilo linapita kirahisi kuliko watu wanavyofikiri. Sisi dirishani tunabonyeza kitufe kimoja. Andika jina la uliyeongea naye, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu. Daftari la shule la dola moja linatosha. Programu za simu nimejaribu nikaziacha.

Akitokea daktari wa usingizi ambaye hayumo kwenye orodha ya bima yako, na hospitali yenyewe imo, hana ruhusa kukudai tofauti ya bei. Sheria inayozuia bili za kushtukiza inafanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2022. Ambulansi ya barabarani haimo katika sheria hiyo, na ndiyo bili inayowaliza wengi.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa: kampuni ya bima haitaongea na wewe kuhusu mwenzi wako mtu mzima mpaka yeye akuruhusu. Siku ambayo bado ana nguvu, ajaze fomu ya ruhusa kwa bima na kwa hospitali. Akiwa anatapika chumbani baada ya kemo, hutataka kumpelekea simu aseme tarehe yake ya kuzaliwa.

Kibali, na kwa nini vidonge si sawa na dripu

Baada ya upasuaji mume wangu alipangiwa dawa mbili: oxaliplatin kwa dripu kila wiki tatu, na capecitabine ya vidonge nyumbani, asubuhi na jioni. Ni tiba moja kwa macho ya daktari. Kwa macho ya bima ni njia mbili. Dripu inapita upande wa hospitali. Vidonge vinapita upande wa dawa, mara nyingi kwa duka maalumu la dawa linalotuma kwa posta, na kila upande unaweza kudai kibali chake cha awali, yaani bima ikubali kulipia kabla hujatibiwa. Mgonjwa anafika Jumatatu kukaa kwenye kiti cha dripu, na vidonge bado vimekwama kwa sababu hakuna aliyejaza fomu ya pili.

Muulize muuguzi wa saratani hivi: "Kibali cha dripu kimetoka? Namba yake? Na cha vidonge?" Ukipewa namba, iandike. Ukiambiwa "tunashughulikia", uliza wameshapeleka lini, na upige simu bima uthibitishe wameipokea. Mashine za faksi bado zinatawala nchi hii, karatasi hupotea.

Bima ikikataa, usichukulie kwamba ndiyo mwisho. Soma sababu. Mara nyingi ni nyaraka pungufu au namba ya ugonjwa iliyokosewa, na hospitali inarekebisha tu. Ikiwa ni hoja ya tiba yenyewe, mwombe daktari aongee na daktari wa kampuni ya bima, mtaalamu kwa mtaalamu. Ikishindikana, una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni. Kwa tiba isiyoweza kusubiri wanatakiwa kujibu ndani ya saa 72, lakini lazima wewe au daktari mseme wazi kwamba ni ya haraka. Wakikataa tena, unaweza kupeleka kwa mkaguzi wa nje asiyefanya kazi kwa kampuni hiyo, na akisema lipeni, wanalipa. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua yao ya kukataa. Ipigie mstari.

Kwa dawa ghali zenye jina la kampuni, watengenezaji hutoa kadi za kupunguza kile unachotoa. Ichukue, lakini uliza bima kama pesa za kadi hiyo zinahesabiwa kwenye kikomo chako. Mipango mingine haizihesabu: kadi inaisha katikati ya mwaka, na wewe unaanza mwanzo. Mwenye Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) haruhusiwi kuitumia. Atafute misaada ya mashirika yasiyo ya biashara kupitia mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali.

Bima ya nyongeza

Hapa ndipo nasikia maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Bima ya nyongeza hailipi hospitali. Inakulipa wewe, pesa mkononi, hata kama bima kuu imelipa kila kitu. Unalipia kodi ya nyumba, gari, au tiketi ya mama mkwe kutoka Tanga aje kukaa na watoto. Hakuna anayekuuliza.

Zipo za aina tatu. Ya ugonjwa mkubwa inatoa kitita kimoja ukigundulika. Ya saratani peke yake inalipa kwa vipande: kiasi fulani kwa siku ya kemo, kiasi kwa usiku wa kulazwa, kiasi kwa safari. Ya kulazwa inahesabu siku za kitandani tu, na kwa kuwa kemo nyingi siku hizi hufanywa mgonjwa akarudi kulala kwake, kwa saratani ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko zote.

Zote zinanunuliwa kabla. Wakala akikuambia unaweza kununua ya saratani leo kwa uvimbe uliogundulika jana, mwonyeshe mlango. Nyingi zina muda wa kusubiri, mara nyingi siku 30, na zinakataa ugonjwa uliokuwapo kabla. Nyingi pia hulipa sehemu tu kwa saratani changa ambayo bado haijapenya nje ya tabaka la seli ilipoanzia, na kidogo sana au sifuri kwa saratani nyingi za ngozi. Na kama huna bima kuu, usinunue hii kwanza. Nyongeza bila bima kuu ni kuvaa kofia ukiwa uchi.

Kabla ya kusema huna, tazama karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari. Mume wangu anafanya kazi ghala. Siku ya kuajiriwa aliweka alama kwenye vijisanduku kwenye kompyuta, akasahau. Dola chache kila malipo zilikuwa zikienda kwenye bima ya ugonjwa mkubwa ya dola 15,000. Nimewaona dirishani watu wanaolia kikomo cha mwaka huku karatasi ya mshahara mfukoni mwao inaonyesha makato ya bima ya saratani. Tazama na ya mwenzi wako.

Kudai ni kazi yako; hospitali haitakudaia, kwa sababu haihusiki. Kampuni ilirudisha madai yetu ya kwanza. Tulipeleka ripoti ya kipimo cha utumbo, ambamo daktari aliandika "uvimbe unaotia shaka". Kwao shaka si saratani. Walitaka ripoti ya patholojia, ile karatasi ya maabara yenye jina la saratani, tarehe na sahihi ya mtaalamu aliyetazama kinyama kwenye hadubini. Pesa inategemea tarehe hiyo, si siku uliyoambiwa kwa mdomo. Iombe kwenye idara ya kumbukumbu za hospitali, au ipakue kwenye akaunti yako ya mgonjwa. Ambatanisha fomu iliyojazwa na daktari. Kwa bima ya vipande, omba pia bili iliyochanganuliwa, inayotaja kila dripu na kila usiku. Ile bili ya kawaida yenye jumla moja haiwasaidii. Tuma madai ya kemo kila mwezi badala ya kuyalimbikiza, maana mikataba ina tarehe za mwisho, na mingi inataka ushahidi ndani ya siku 90.

Bima nyingi za namna hii zina kipengele cha uchunguzi: unapewa kiasi kidogo kila mwaka ukipima matiti, shingo ya kizazi au utumbo. Kwa aliye mzima, huo ndio mstari anaoweza kuutumia leo. Vipimo vyenyewe bima kuu inalipia bila kianzio. Cha utumbo kinaanza miaka 45.

Kabla ya mchango

Mchango ni wetu, siupingi. Ila usiufungue kabla hujaomba msamaha wa hospitali. Hospitali zisizo za biashara, na nyingi kubwa ni za namna hiyo, zinalazimika kisheria kuwa na mpango wa msaada wa bili, na nyingi zinamsaidia hata mwenye bima kwa kile kinachobaki. Unayo siku 240 tangu bili ya kwanza kupeleka maombi. Wanataka karatasi za mshahara, marejesho ya kodi na idadi ya watu nyumbani. Hapa Ohio kuna pia HCAP, huduma ya hospitali bure kwa mkazi ambaye kipato chake hakizidi mstari wa umaskini wa serikali na hana Medicaid. Inafuta bili ya hospitali. Bili ya daktari binafsi haimo, hiyo omba kivyake.

Kuhusu kazi, kwa haraka. Sheria ya FMLA, ya likizo ya ugonjwa na familia, inalinda nafasi yako wiki 12 ukiwa umefanya kazi mwaka mmoja na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Haikulipi mshahara, lakini bima inaendelea, nawe unaendelea kutoa sehemu yako ya makato. Ukiachishwa, una siku 60 za kuamua kuchukua COBRA, yaani bima ileile kwa bei yake kamili hadi miezi 18. Ni ghali, lakini kama umeshajaza kikomo na ni Septemba, piga hesabu: miezi michache ya COBRA inaweza kuwa nafuu kuliko kuanza kikomo kipya kwenye bima nyingine.

Wazazi

Mama anayekuja kutembea kwa viza, ile bima ya wageni mnayomnunulia mtandaoni hailipi saratani aliyokuja nayo. Kama ana uvimbe anaoujua, apimwe nyumbani kwanza. Akiwa Tanzania kuna hospitali za Ocean Road na Muhimbili. Chumba cha dharura hapa kitamtuliza, kwa sababu sheria inalazimisha, lakini hakilazimiki kumpa kemo.

Mzazi mwenye green card, akifika 65 na akiwa ameishi hapa miaka mitano mfululizo, anaweza kununua Medicare hata kama hajawahi kufanya kazi nchini. Sehemu B, inayolipia madaktari na dripu, mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Sehemu A, ya kulazwa, inaweza kufika 565 kwa asiye na miaka kumi ya kazi, yake au ya mwenzi wake. Kabla ya miaka hiyo mitano kuisha, muulizie mpango kwenye soko la serikali.

Medicare ya kawaida inalipa asilimia 80 ya dripu, na ile 20 yako haina kikomo chochote. Ya kemo ya mwaka mzima inaweza kumaliza nyumba. Kinachoijaza ni Medigap, bima ya kampuni binafsi ya kuziba pengo hilo, na saa yake inaanza kuhesabu mwezi mzazi anapokuwa na miaka 65 na Sehemu B: ndani ya miezi sita hiyo kampuni hairuhusiwi kumuuliza habari za afya. Ikipita, katika majimbo mengi, Ohio ikiwamo, inaweza kumuuliza, na ikamkataa. Vidonge vingi vya nyumbani viko Sehemu D (vingine, kama capecitabine, viko Sehemu B), ambayo tangu 2025 ina kikomo chake. Mwaka 2026 ni dola 2,100, na anaweza kuomba zigawanywe kwa miezi badala ya kutoa zote Januari.